Mama kaambiwa apimwe mapafu kwa kamera, ni miezi minne tangu aumwe, naombeni msaada wadau

BintiTabata (Jumatatu, saa 3 usiku)

Habari za usiku wadau, naombeni mnisaidie maana tangu mchana nimeshika hii karatasi ya hospitali naisoma narudia kuisoma. Mama yangu ana miaka 59, tunakaa wote Tabata Kimanga, ni mtu wa kuamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa chapati za biashara, sijawahi kumzoea akiwa kitandani. Mwezi wa pili alipata mafua makali, homa, viungo vyote vinauma, siku ya sita akaanza kuhema juu juu tukamkimbiza hospitali, kumpima wakasema UVIKO-19, akalazwa siku 9 na oksijeni ya barakoa, kwenye mashine hakufika. Akaruhusiwa tukamshukuru Mungu tukajua yameisha.

Hayajaisha. Sasa ni mwezi wa sita, kikohozi kikavu hakimwachii, usiku mpaka akae kitako ndo apate usingizi kidogo, na pumzi ndo kabisa. Kutoka nyumbani mpaka dukani ni hatua kama mia mbili tu na anasimama mara tatu, na kwa vile hataki watu wajue, anajifanya anafunga kanga upya. Juzi nilimfuata kwa nyuma nikaona mwenyewe, mkono mmoja umeshika ukuta mwingine umeshika pindo la kanga na mabega yanapanda na kushuka kama mtu aliyekimbizwa. Nililia njia nzima.

Tumeshazunguka sana. Eksirei kapiga, makohozi yamepimwa mara mbili kwa ile mashine ya TB ya GeneXpert wakasema hakuna TB, antibayotiki kamaliza za aina mbili, ile dawa ya bluu ya kuvuta haijamsaidia chochote. Wiki iliyopita kafanya siti skani, daktari akasema anaona kama ukungu ukungu sehemu za chini za mapafu pande zote mbili na picha peke yake haimwambii ni kitu gani, kwahiyo anataka wamfanyie bronkoskopi, yani waingize kamera kupitia puani au mdomoni ishuke mpaka kwenye mapafu, waoshe na maji na ikibidi wachukue na kinyama.

Mama kagoma. Kuna jirani kamwambia mtu akishaingizwa mpira kwenye pumzi anakata pumzi palepale, na ukichunwa nyama ndani ndo ugonjwa unatawanyika. Kanijibu nimwache afe na mapafu yake yakiwa mazima. Mimi ni mtoto wake wa pekee hapa Dar, kaka yupo Mwanza. Hivi hiki kipimo kina ulazima? Kina hatari gani? Aliyewahi kufanyiwa naomba aniambie ukweli hata kama ni mchungu.

---

KimaraMwisho (Jumatatu, saa 4 usiku)

Pole sana dada, mpe mama pole zangu. Mimi nimefanyiwa, tena zaidi ya mara moja, nakueleza kama ilivyokuwa.

2021 kipindi kile korona tunaambiwa ni changamoto ya upumuaji nililazwa chumba cha wagonjwa mahututi siku 12, nilikuwa na mpira kooni na mashine inanipumulia. Nikatoka mzima nikarudi kazini. Baada ya mwezi na nusu hivi nikaanza kusikia mluzi kwenye pumzi, kwanza nikipanda ngazi, baadae hata nikiongea na simu. Nikaenda kliniki moja hapa mjini wakasema pumu imenianza ukubwani. Miezi mitano navuta dawa za pumu, nabadilishiwa hii naongezewa ile, na mluzi unazidi, ikafika mke wangu akawa anaamka usiku anakaa tu kuusikiliza. Hakuna aliyejiuliza mbona huyu mtu alilala na mpira kooni siku 12.

Aliyegundua ni daktari bingwa wa kifua, na hakuanza na mashine yoyote, aliniambia vua shati hema kwa nguvu, akaweka kile chombo chake cha kusikilizia SHINGONI sio kifuani. Akaniuliza sauti inatoka ukivuta ndani au ukitoa nje? Nikamwambia nikivuta. Akasema pumu kwa kawaida inalia zaidi ukitoa, hii ya kwako ikivuta inalia basi njia imebanwa huku juu. Kesho yake kamera.

Walinipulizia ganzi kooni, chungu ile dawa, ulimi ukawa kama sio wangu, wakanichoma ya usingizi mwepesi kwenye mshipa. Sikulala kabisa, nilikuwa nasikia wanaongea ila sijali kitu. Pale inapovuka koo unakohoa sana na unahisi kama umepaliwa, hiyo sikufichi, sekunde kadhaa unaona kama pumzi imeisha lakini haijaisha, nesi alikuwa ananiambia vuta kwa pua taratibu na kweli hewa ilikuwa inaingia. Mimi yote ilichukua kama robo saa. Nikaonyeshwa kwenye tivii, kovu jeupe limezunguka bomba la hewa kama pete, pale palipokuwa na ule mpira, njia imebaki ndogo kuliko shimo la mrija wa soda. Miezi mitano ya dawa za pumu ilikuwa bure, dawa ya kuvuta haipanui kovu. Walinipanua nikarudi tena mara mbili, sasa hivi natembea Kimara mpaka Ubungo bila shida.

Kwa maelezo yako mama hakuwekwa mpira kwahiyo yake sio kama yangu. Ila hilo la kukata pumzi palepale mwambie kuna mtu Kimara kafanyiwa mara tatu na yupo anaandika.

---

SistaZamuYaUsiku (Jumanne, saa 12 asubuhi)

Salaam BintiTabata, mimi ni nesi, nimefanya kazi chumba cha kamera kwa miaka kadhaa, nimetoka zamu sasa hivi nikaona nikujibu kabla sijalala. Sitamtibu mama kwa simu, daktari wake ndo amemuona, ila nitakueleza kitu chenyewe kikoje ili ukae na mama umweleze vizuri.

Kwanza ile kamera. Watu wengi wakisikia bomba wanafikiria bomba la maji, na zamani walikuwa hawakosei sana maana mpaka miaka ya 1960 kilichotumika kilikuwa ni chuma kilichonyooka, ndo Mjapani mmoja Dk. Shigeto Ikeda akaja na huu unaopinda. Kile cha chuma bado kipo kwa kazi maalumu, kwa mfano mtoto akimeza karanga ikaingia kwenye njia ya hewa. Atakachowekewa mama ni mpira laini wenye unene wa kama milimita 5 au 6, kalamu ya kawaida ni nene zaidi. Bomba kuu la hewa la mtu mzima lina upana wa karibu sentimita 2. Kwahiyo mpira ukiwa ndani bado pembeni kuna nafasi kubwa ya hewa kupita, mfanye mama achovye kalamu kwenye shingo ya chupa ya maji ataelewa haraka kuliko maneno yangu. Na oksijeni anawekewa puani, kidoleni ana kibanio kinasoma muda wote, ikishuka tunasimama.

Pili, na hapa naomba usome taratibu. Kamera haioni mapafu yote. Njia ya hewa inagawanyika kama matawi ya mwembe, tawi linazaa tawi karibu mara 23 mpaka kufika kwenye vile vifuko vidogo ambako oksijeni inaingia kwenye damu, na mpira wetu unafika matawi makubwa ya mwanzo mwanzo tu. Ule ukungu wa kwenye siti skani ya mama uko huko mwisho kabisa kwenye vifuko, hakuna jicho litakalouona. Ndo maana wanataka kuosha. Ncha ya mpira inabanwa kwenye tawi moja, inaingizwa maji ya chumvi kama yale ya dripu, kidogo kidogo, jumla mililita 100 mpaka 200 na kidogo, halafu yanavutwa kurudi. Hayarudi yote na yanayobaki mwili unayanywa wenyewe. Yanayorudi yamepita kwenye vile vifuko, yamebeba seli na kama kuna wadudu yamebeba wadudu. Yakitoka yana povu juu kama ya sabuni, sisi tukiona lile povu tunafurahi maana tunajua yamefika kunakotakiwa.

Maabara wanahesabu seli. Kwa mtu mzima asiyevuta sigara zaidi ya asilimia 85 ni zile seli za usafi zinazokula uchafu, limfosaiti ni asilimia 10 mpaka 15, nyutrofili hazizidi 3, hizo mbili ni aina za seli nyeupe za kinga. Sasa baada ya virusi kuna watu kinga ya mwili inaendelea kupigana wakati adui keshaondoka zamani, kwa hao unakuta limfosaiti zimepanda sana, na wengi wao wakipewa steroidi, yani dawa za kutuliza kinga ya mwili, wanapata nafuu kubwa. Ukikuta nyutrofili ndo nyingi unafikiria zaidi bakteria au kupaliwa chakula usiku. Na maji hayohayo yanapimwa TB na fangasi.

TB nairudia kwa makusudi. Tanzania ipo kwenye ile orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, na TB inakohoza, inakondesha na inakata pumzi vilevile kama mabaki ya korona. Mama ana kikohozi kikavu, sasa najiuliza kile kikopo alitema nini? Nimepokea vikopo vingi sana ambavyo ndani ni mate matupu, mgonjwa kaambiwa tema katema, mashine ikapima mate ikasema hakuna TB. Mtu akipewa steroidi huku ana TB iliyojificha tumemuumiza. Kwahiyo daktari anayetaka kuosha kabla ya kuandika steroidi mimi namuelewa kabisa.

Hatari zipo. Kuosha tu, wengine jioni wanapata homa inapita kwa panadol, koo linawasha siku moja mbili, oksijeni inaweza kushuka kidogo. Kuchukua kinyama ndo kuna mambo mawili ya kuangalia, damu na pafu kupasuka likavuja hewa, hiyo ya pili inatokea kwa wagonjwa wachache, tuseme kati ya 1 na 5 katika 100, ndo maana baada ya kinyama tunampiga mtu eksirei kabla hajaondoka. Na ugonjwa kutawanyika kwa sababu ya kinyama, mwambie mama kinyama chenyewe ni kidogo kuliko punje ya mchele, na haya mapafu yake hakuna anayemtafutia uvimbe wa kutawanyika, wanatafuta sababu ya ukungu.

Maswali yangu kwako. Moja, amepimwa oksijeni akiwa anatembea au akiwa amekaa tu? Mbili, amepuliza kile kipimo cha kupuliza? Miaka yote hiyo ya jiko la mkaa na moshi wa mafuta ya chapati siidharau. Tatu na muhimu kuliko yote, anakunywa dawa gani nyumbani, nitajie zote.

---

MamaWawili_Mbagala (Jumanne, saa 4 asubuhi)

Mimi nachangia kwa nia njema kabisa mdogo wangu. Mama yako ni mtu mzima mwache apumzike. 2020 na 2021 nyumba nzima hapa tuliumwa, tulipiga nyungu asubuhi na jioni, mwarobaini, mchaichai, majani ya mpera, tangawizi na limao, kikohozi cha mume wangu kilikaa karibu miezi miwili afu kikaisha chenyewe bila mpira wala nini. Haya mavipimo mengi wakati mwingine yanamchosha mgonjwa na hela inaisha. Jaribuni kwanza vya nyumbani.

---

SistaZamuYaUsiku (Jumanne, saa 10 jioni)

Dada wa Mbagala nakuheshimu na wala sikukatalii kitu kimoja, kikohozi baada ya virusi mara nyingi kinaisha chenyewe, cha mumeo kilikuwa hivyo, wiki tatu mpaka nane hiyo ni kawaida na mtu wa namna hiyo hakuna haja ya kumwekea kamera. Lakini mama wa Tabata ana wiki kumi na sita, anashika ukuta njiani, na siti skani ina ukungu pande zote. Tangawizi na asali ampe, koo litalainika. Nyungu naomba kwa mtu mwenye pumzi fupi msimfunike, nimepokea mama aliyemwagikiwa na sufuria ya nyungu mapajani kwa sababu kizunguzungu kilimshika humo ndani ya blanketi. Sijawahi kusahau yale mapaja.

---

Mwl_Kigamboni (Jumanne, saa 2 usiku)

Poleni. Mimi naleta upande mwingine ili msije mkadhani kila aliyebaki na shida baada ya virusi anahitaji hiki kipimo.

Mimi niliugua nikiwa nyumbani, sikulazwa. Nikabaki na pumzi fupi, moyo kwenda mbio, uchovu wa ajabu, nikifundisha vipindi viwili mfululizo lazima nikae kwenye kiti. Eksirei safi, siti skani safi, kupuliza kawaida, oksijeni haishuki hata nikitembea. Nikashikilia mwenyewe nataka kamera, nilishasoma mitandaoni nikawa naamini kuna kitu kimefichwa. Daktari wa kwanza alinikatalia nikakasirika nikaenda kwa mwingine akakubali. Wakaingiza, wakaangalia, mirija yote safi kabisa. Nikalipa, nikarudi nyumbani na pumzi yangu fupi vilevile, na koo linauma juu yake.

Aliyenisaidia ni mtu wa fiziotherapia. Alinilaza akaweka mkono wake mmoja juu ya kifua changu na mwingine tumboni akaniambia mwalimu wewe unahema kwa mabega, tumbo halifanyi kazi kabisa, tangu uugue umekuwa unahema kama mtu anayeogopa. Wiki nane za mazoezi, kuvuta kwa pua tumbo lipande, kutoa kwa midomo iliyobana kama unapoza chai, na kutembea kwa kuongeza kidogo kidogo, leo nashuka kwenye pantoni natembea mpaka shuleni. Kumbe daktari wa kwanza alikuwa sahihi, kipimo cha kuangalia ndani ya mirija hakiwezi kuonyesha namna unavyohema.

Dada wa Tabata, mama yako ana picha yenye ukungu, mimi sikuwa nayo. Ningekuwa wewe ningemuuliza daktari swali moja tu, unatafuta nini humo na ukikipata au usipokipata utabadilisha nini kwenye matibabu? Akikujibu vizuri mpeleke.

---

BintiTabata (Jumatano, saa 1 asubuhi)

Asanteni sana wote, mmenishika mkono kweli. Mwalimu hilo swali nimeliandika kwenye karatasi. Shikamoo dada wa Mbagala, tangawizi anakunywa kila jioni, nyungu nimeacha.

Sista majibu yako haya hapa. Kupimwa akitembea ndio, walimtembeza kwenye korido dakika 6 kwenda na kurudi, akiwa amekaa oksijeni ilisoma asilimia 94 alipomaliza 86, na alisimama mara mbili. Kupuliza amepuliza wakasema mirija haijabanwa sana ila mapafu yanabeba hewa kidogo kuliko inavyotakiwa. Kikopo umenishtua, nimemuuliza mama akasema "nilitema tu mwanangu, walisema niteme." Asubuhi, hajakohoa.

Dawa anakunywa ya presha, amlodipini, na mwaka juzi alipata kiharusi kidogo mdomo ukaenda upande, ukarudi, tangu hapo anakunywa aspirini ndogo na klopidogreli. Daktari wa kifua hakuuliza na mimi sikusema, nilijua anaangalia mapafu tu. Kipimo kimepangwa Ijumaa hii.

---

SistaZamuYaUsiku (Jumatano, saa 2 asubuhi)

BintiTabata ndo maana niliuliza. PIGA SIMU HOSPITALI LEO. Klopidogreli inazuia damu kuganda, kwa kuosha tu inawezekana wakaendelea, kwa kuchukua kinyama kwa kawaida inasimamishwa siku 5 mpaka 7 kabla. Lakini USIISIMAMISHE WEWE wala mama asiisimamishe, ile dawa ndo inamlinda na kiharusi kingine, lazima daktari wa kifua aongee na aliyempa hiyo dawa wakubaliane. Aspirini mara nyingi inaachwa iendelee. Ijumaa isogezwe tu, wiki moja haitaharibu kitu kulinganisha na kutokwa damu ndani ya pafu.

Na hiyo 94 kwenda 86 kwa dakika 6 ni mapafu yenyewe hayo, tofauti kabisa na ya Mwalimu.

Siku ya kipimo, asile chochote kigumu angalau masaa 6, meno ya bandia yatolewe, uwepo wewe wa kumrudisha, asipande daladala peke yake maana ile dawa ya usingizi inamfanya mtu asahau hata kituo. Akitoka masaa mawili hivi asile wala kunywa, koo likiwa bado na ganzi chai inaingia kwenye mapafu, anaanza na maji kijiko kimoja kwanza. Ukiweza uliza pia mpira unaoshwaje kati ya mgonjwa na mgonjwa, kuna dawa kali ya kuulowekea, hatukasiriki tukiulizwa. Na kama mnatumia bima ulizeni mapema kama inalipia, sio asubuhi ile mko mlangoni.

---

KimaraMwisho (Jumatano, saa 7 mchana)

Hiyo ya dawa za damu Mungu amesaidia umeisema. Sista ubarikiwe.

---

BintiTabata (wiki mbili baadae, Alhamisi saa 3 usiku)

Wadau nimerudi, samahanini kwa ukimya.

Kile kipimo kilisogezwa siku 8. Madaktari waliongea, klopidogreli ikasimama siku 7, aspirini ikaendelea. Swali la Mwalimu nililiuliza, daktari akakaa kabisa kwenye kiti akanijibu, akasema natafuta mambo matatu, TB iliyojificha, fangasi, au kinga ya mwili inayopigana na mapafu yake yenyewe, kwa mbili za mwanzo nikimpa steroidi namuumiza, kwa ya tatu nisipompa steroidi namuumiza, na kwa macho siwezi kuzitofautisha. Mama alikuwa pembeni anasikiliza, hakusema kitu, tulipofika nyumbani akaniomba kalamu na chupa ya maji. Nikamuonyesha. Akaizungusha ile kalamu shingoni mwa chupa muda mrefu halafu akasema haya nipeleke.

Siku yenyewe nilisubiri nje kama dakika 40. Nilisikia anakohoa mara moja kwa nguvu sana nikasimama, baadae kimya. Alipotolewa alikuwa na usingizi usingizi ananiuliza chapati zimeungua? Sista yale maji nimeyaona, nesi mmoja alipita na chupa nikamuomba, yana povu kweli juu na chini kama maji ya mchele. Jioni alipata homa 38 nikaogopa ila ulishanieleza, panadol, asubuhi imeshuka. Kwenye makohozi kulikuwa na vijistari vya damu siku ya kwanza na ya pili, vikaisha. Eksirei baada ya kinyama ilikuwa nzuri.

Majibu yametoka jana. GeneXpert ya maji ya mapafu haina TB, fangasi hawajaonekana, limfosaiti ni asilimia 38. Kinyama kimeonyesha vile vifuko vya hewa vimeziba na tishu laini ya kovu, daktari akaiita oganaizingi nyumonia, akanieleza kwamba mapafu yalikuwa yanajiponya baada ya virusi yakashindwa kusimama. Klopidogreli karudishiwa. Kaanza predinisoloni, ndo ile steroidi, leo asubuhi baada ya kula, atakunywa miezi kadhaa ikipunguzwa kidogo kidogo na kakatazwa kabisa kuziacha ghafla, sukari inapimwa kila wiki maana zile dawa zinapandisha. Na jiko la mkaa kahamishiwa uani, nimemnunulia la gesi dogo.

Kuna sampuli moja ya maji imebaki maabara wanaiotesha kuangalia TB, hiyo wanasema inaweza kuchukua mpaka wiki 6 ndo waifunge kabisa. Nikiipata nitaiweka hapahapa.

---

Mwl_Kigamboni (Alhamisi, saa 4 usiku)

Tunasubiri. Mpe mama shikamoo yangu, na akianza kupata nafuu mwombe mtu wa fiziotherapia kliniki ijayo, misuli ya miezi minne kitandani hairudi kwa vidonge.

---

BintiTabata (Alhamisi, saa 4 usiku)

Marahaba anasema. Na anauliza kama Kigamboni mnakula chapati.